Asiyekuwapo na Lake Halipo: Hotuba ya Mombasa Kuhusu Ununuzi wa Activision Blizzard

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamooni. Nawashukuru vijana mliotoka Kisauni na Changamwe, nanyi mliovuka feri kutoka Likoni saa hizi ambazo kila mtu anataka kurudi kwao. Mimi ni wakili, na kazi yangu ya kila siku ni mikataba ya biashara. Walionialika walitaka nizungumze juu ya sheria ya ushindani, wakaniomba nichague mfano ambao vijana wataufuata mpaka mwisho. Nimechagua ununuzi wa Activision Blizzard, kampuni ya magemu ya Marekani, uliofanywa na Microsoft. Hakuna ununuzi mkubwa kuliko huo katika biashara ya magemu, na karibu kila hatua yake iliachwa wazi: barua, mahesabu, viapo, hukumu. Ni nadra sana watu kama sisi kuwaona wakubwa wakiulizwa maswali hadharani na kulazimika kujibu.

Niseme ninachokiamini tangu mapema. Ukaguzi uliofanywa na wasimamizi wa ushindani kabla ya kuuruhusu ununuzi ule ulikuwa na faida kubwa, na waliosema wasimamizi hao walipoteza miezi ishirini na moja bure wamekosea. Lakini swali la kazi na swali la bei, ambayo ndiyo yanayomgusa mtu mdogo, hayakupata uzito yaliyostahili. Na sisi wa upande huu wa dunia hatukuwamo kabisa katika hesabu.

Tarehe 18 Januari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba itainunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7, taslimu, dola 95 kwa kila hisa. Activision ndiyo yenye Call of Duty, World of Warcraft, Diablo na Overwatch. Tena mwaka 2016 ilikuwa imeinunua kampuni ya King, kwa hiyo ndiyo yenye Candy Crush, ambayo shangazi zetu huicheza kwenye simu ndani ya matatu kutoka Mtwapa mpaka mjini. Microsoft kwa upande wake ilikuwa na mashine ya kuchezea magemu ya Xbox, ilikuwa na Windows ambayo kompyuta nyingi za dunia zinaitumia, na ilikuwa na Azure, yaani mitambo mikubwa ya kuhifadhi na kuendesha data kwa mbali. Mwaka uliotangulia ilikuwa tayari imeinunua ZeniMax, wenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Na Activision ilikuwa katika wakati mgumu: Julai 2021 jimbo la California liliishtaki kwa namna wanawake walivyokuwa wakitendewa kazini, na thamani ya hisa zake ikashuka. Aliyekuja kununua alimkuta muuzaji ana sababu ya kuuza.

Sasa, sheria ya ushindani haichukii ukubwa. Mfanyabiashara akikua kwa uzuri wa bidhaa yake, apewe heko. Kinachokaguliwa ni ukubwa wa kununua. Kampuni mbili zilizokuwa zikijitegemea zinapotaka kuwa moja, serikali inasema: subirini kwanza, tuangalie. Inaangalia kabla kwa sababu baada ya hapo kuzitenganisha ni kazi nzito mno. Siri zimeshachanganyika, wafanyakazi wamehamishwa, mikataba imeandikwa upya.

Hapa pana jambo linalowatatiza wengi. Microsoft na Activision hawakuwa hasa wakiuza kitu kimoja. Mmoja ana mashine na mitambo, mwingine ana magemu. Ushindani unaumia vipi? Fikirieni soko la samaki. Mvuvi hakai bila barafu. Tuseme yupo tajiri mwenye kiwanda kikubwa cha barafu, na leo ananunua mashua zinazoleta sehemu kubwa ya nguru wanaoingia mjini. Hajanunua kiwanda kingine cha barafu. Hajamwondoa mshindani hata mmoja. Lakini kuanzia kesho yeye ndiye anayeamua mashua ipi ipate barafu alfajiri na ipi isubiri mpaka jua limepanda, na yeye ndiye anayeamua muuzaji yupi apewe nguru na yupi aambiwe wamekwisha. Msimamizi wa ushindani akimwangalia tajiri huyo huuliza mambo mawili. Je, ana uwezo wa kuwabana wenzake? Na je, kuwabana kunamlipa? Lazima yote mawili yawepo. Mtu anaweza kuwa na uwezo wa kukunyima, na bado akaona kukunyima ni hasara kwake.

Swali hilo la pili ndilo lililobeba kesi nzima.

Sony, wenye PlayStation, mashine inayoshindana na Xbox, ndio waliopiga kelele kubwa kuliko wote. Hofu yao ilikuwa kwamba Microsoft ikishaimiliki Call of Duty, siku moja itaiondoa kwenye PlayStation, au itaiacha pale ikiwa imechakaa kidogo, yaani inachelewa, inakosa sehemu fulani, haiendi vizuri. Februari 2023 mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilisema katika matokeo yake ya awali kwamba hofu hiyo ina msingi. Microsoft ikapinga mahesabu. Wasimamizi wakarudi kuyatazama upya, na tarehe 24 Machi wakatangaza hadharani kwamba wamebadili msimamo: kwa takwimu sahihi zaidi, kuiondoa Call of Duty kwenye PlayStation kungeitia Microsoft hasara. Wakaiacha hoja ya mashine na kubaki na hoja nyingine, nitakayoifikia. Nawasifu sana kwa hilo. Afisa wa serikali anayesema mbele ya dunia nzima kwamba hesabu yake ya mwezi jana imebadilika, huyo ndiye wa kuaminiwa anaposhikilia jambo lililobaki.

Marekani walikwenda njia nyingine. Tume yao ya Biashara, chini ya mwenyekiti wake wa wakati huo, Lina Khan, ilifungua mashtaka tarehe 8 Desemba 2022, na Juni 2023 ikaenda mahakamani San Francisco kumwomba Jaji Jacqueline Scott Corley auzuie ununuzi huo usikamilike kwanza. Vijana, kama mnataka kujua biashara ya magemu ilivyo ndani, someni yaliyotoka katika kikao kile. Phil Spencer, mkuu wa magemu wa Microsoft wakati huo, aliapa mbele ya jaji kwamba Call of Duty itaendelea kutoka kwenye PlayStation. Ilisomwa pia baruapepe ya Jim Ryan, mkuu wa PlayStation wakati huo, aliyoiandika siku zile ununuzi ulipotangazwa: akimwambia mwenzake kwamba haoni kama Microsoft inataka kuifungia Call of Duty kwake, na kwamba ana hakika itakuwa kwenye PlayStation kwa miaka mingi. Huku hadharani kampuni yake ikisema kinyume chake. Barua ile iliwaumiza Sony vibaya.

Halafu kuna hati zile za Sony zilizopelekwa kwenye kikao hicho. Sehemu za siri zilikuwa zimefutwa kwa kalamu nene ya wino mweusi, karatasi kwa karatasi, kisha zikapigwa skani na kuwekwa wazi. Wino haukufunika. Ukikodoa macho, tarakimu zilizokuwa chini zinasomeka. Ndivyo watu walivyojua kwamba gemu moja tu, The Last of Us Part II, liligharimu takriban dola milioni 220 kulitengeneza. Ikaonekana pia kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni moja wenye PlayStation hawakucheza kitu kingine chochote isipokuwa Call of Duty. Tarakimu hizo mbili zinaeleza kwa nini kampuni hizi zinanunuana. Gharama za gemu moja zimefika mahali ambapo likianguka sokoni linaweza kuiangusha studio nzima, na majina machache yanayopendwa mno ndiyo yanayoshika mlango wa wateja.

Tarehe 11 Julai 2023 jaji alikataa ombi la Tume. Aliona haijaonyesha kwamba Microsoft ingeifungia Call of Duty, na kwamba ushahidi ulielekea upande wa pili: gemu lile lingefika mahali pengi zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu Microsoft ilikuwa imeshatia saini mikataba ya miaka kumi na Nintendo, na Nvidia, na wengine. Siku tano baadaye Sony nao wakatia saini mkataba wao wa miaka kumi. Nimeisoma hukumu ile. Juu ya swali la mashine, nadhani jaji alikuwa sahihi.

Lakini swali la mashine lilikuwa swali la jana. Waingereza walibaki na swali la kesho, na hapo ndipo nataka tukae.

Gemu la wingu maana yake ni hivi: gemu haliendeshwi na mashine iliyo mbele yako. Linaendeshwa na kompyuta iliyo mbali, nawe unatiririshiwa picha kama unavyotiririshiwa filamu, huku kila ukibonyeza kitufe amri inasafiri mpaka kule na kurudi. Hahitaji mtu kununua mashine ya maelfu ya shilingi. Simu au televisheni ya kawaida inatosha, mradi mtandao ni mzuri. Kwa nchi kama yetu huu ndio mlango ulio na matumaini kuliko yote. Na njia yake inapita hapa hapa kwetu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipoingia nchi kavu mwaka 2009, ziliingia Mombasa. Waya wa PEACE nao ulikuja kutua Mombasa mwaka 2022. Wingu la Kenya linaanzia chini ya bahari tunayoiogelea.

Mamlaka ya Uingereza ilikadiria kwamba Microsoft tayari ilikuwa na asilimia 60 hadi 70 ya huduma za magemu ya wingu duniani. Ina Windows, ina Azure, ina Xbox. Ukimwongezea Call of Duty, World of Warcraft na Diablo, nani ataanzisha huduma ya kushindana naye? Kwa sababu hiyo tarehe 26 Aprili 2023 walikataa ununuzi mzima. Microsoft ilikuwa imetoa ahadi ya miaka kumi ya kuwapa wenzake leseni. Waingereza wakasema ahadi kama hiyo itawalazimu wao kuwa walinzi wa soko kila siku kwa miaka kumi, katika biashara inayobadilika kila mwaka, na wao hawataki kuwa walinzi. Wanataka ushindani wenyewe ufanye kazi ya ulinzi. Brad Smith, rais wa Microsoft, alikasirika, akasema ni siku yenye giza kuliko zote ambazo kampuni yake imewahi kuiona Uingereza.

Wiki tatu baadaye, tarehe 15 Mei, Tume ya Ulaya ilizichukua ahadi zinazofanana na hizo na kuridhika nazo. Mteja wa Ulaya aliyenunua gemu la Activision ataruhusiwa kulicheza kupitia huduma yoyote ya wingu anayoitaka, bure, kwa miaka kumi.

Ukweli ule ule, kampuni zile zile, majibu mawili. Wengi walitumia tofauti hiyo kusema sheria ya ushindani ni bahati nasibu. Mimi naiona vingine. Ahadi ni deni, wazee wetu wamesema, lakini deni lina tarehe. Miaka kumi ya kijana wa miaka kumi na mitano inaisha akiwa na ishirini na mitano. Anayemiliki atamiliki hata baada ya hapo. Ndiyo maana nasimama upande wa Waingereza, na matokeo yaliwapa haki. Baada ya kukataliwa, Microsoft ilirudi Agosti 2023 na mkataba mwingine kabisa: haki za kutiririsha magemu ya Activision nje ya Ulaya zingeuzwa kwa Ubisoft, kampuni ya magemu ya Ufaransa, zote zilizopo na zote zitakazotoka katika miaka 15. Haki zenyewe zilitoka mkononi mwake. Kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imeahidi kuwa na tabia nzuri. Sasa ililazimika kuachia kitu. Uingereza ikakubali tarehe 13 Oktoba, na siku hiyo hiyo ununuzi ukakamilika. Muda wa awali wa kukamilisha ulikuwa tarehe 18 Julai, na Microsoft ingeilipa Activision fidia ya hadi dola bilioni 3 kama ununuzi ungevunjika. Pande zote mbili ziliusogeza mbele kwa miezi mitatu ili kumsubiri msimamizi mmoja wa nchi moja. Anayesema nchi moja haiwezi kuibadilisha nia ya kampuni kubwa, na akumbuke hilo.

Kwa nini nasisitiza kuuliza kabla? Kwa sababu sisi wenyewe tunajua gharama ya kuuliza baadaye. Mnakumbuka enzi ambazo wakala wa M-Pesa alikuwa amefungwa na mkataba asihudumie mtandao mwingine. Airtel ikapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 Safaricom ikakubali kuwafungulia mawakala wake. Ulikuwa ushindi wa kweli, nami sitaupunguza. Lakini M-Pesa ilikuwa imeanza 2007. Ikafika 2014 wateja wameshazoea, namba zimeshakaririwa, vibanda vimeshapakwa rangi ya kijani. Mlango ulifunguliwa, na waliokuwa nje wakakuta nyumba imeshajaa. Mpaka leo mnajua ni mtandao gani unaoutumia kumtumia mama yako pesa.

Sasa niseme yaliyokosekana.

Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya ununuzi kukamilika, Microsoft iliwaachisha kazi watu 1,900 katika upande wake wa magemu, wengi wao kutoka Activision Blizzard. Septemba mwaka huo wakafuata wengine 650. Mei 2024 zilifungwa studio za Arkane Austin na Tango Gameworks, zilizotoka katika ule ununuzi wa kwanza wa ZeniMax. Na bei? Game Pass Ultimate, ule usajili wa kila mwezi unaokupa magemu mengi kwa ada moja, ulikuwa dola 14.99 wakati kesi inaanza. Mwaka 2023 ukawa 16.99. Julai 2024 ukawa 19.99. Oktoba 2025 ukawa 29.99. Ni maradufu, ndani ya miaka isiyofika mitatu. Tume ya Biashara ya Marekani iliiandikia mahakama ya rufaa mwaka 2024 ikilalamika kwamba haya ndiyo iliyoyaonya. Haikusaidia. Mei 2025 mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi wa Jaji Corley, na wiki hizo hizo Tume ikaiondoa kesi yake.

Naomba mnielewe. Sisemi kila aliyepoteza kazi aliipoteza kwa sababu ya ununuzi. Biashara nzima ya magemu ilikuwa imeajiri kwa pupa wakati wa korona na kisha ikapunguza watu. Ninachosema ni kwamba swali la ajira halikuwa na kiti mahakamani San Francisco, wala London. Sheria zao haziwaambii wasimamizi waulize hivyo.

Zetu zinawaambia. Hili nataka liwakae. Sheria ya Ushindani ya Kenya, Namba 12 ya mwaka 2010, inapoelekeza namna ya kuamua muungano wa kampuni, inaitaka Mamlaka iangalie pia ajira, na uwezo wa biashara ndogo kuingia na kushindana. Afrika Kusini nao wana kifungu cha namna hiyo. Tulipoandika sheria hizi tuliandika kwa sababu tunajua kazi moja Mombasa inalisha watu wangapi. Mara nyingi mno tunafundishwa kwamba sheria nzuri zinatoka nje na sisi ni wa kuiga. Katika jambo hili tumeuliza swali ambalo matajiri wa dunia hawakuliuliza.

Ila swali lililoandikwa bila mtu wa kuliuliza halimsaidii yeyote. Asiyekuwapo na lake halipo. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini iliuangalia ununuzi wa Activision na Aprili 2023 ikapendekeza ukubaliwe bila masharti. Saudi Arabia ilikuwa imekwisha kuupitisha Agosti 2022, ya kwanza duniani. Brazili, Japani, China, Korea Kusini, wote wana sauti zao katika kumbukumbu zile. Mchezaji wa Afrika Mashariki humwoni popote.

Nami najua mahali pa kumwona. Nilikwenda Majengo kwa mwenye ukumbi mmoja wa PS, yaani PlayStation, televisheni nne, viti vya plastiki, padi zilizofungwa gundi mahali zilipopasuka. Kila padi ina mpira ule wa kidole uliolika mpaka umebaki laini kama shanga, kwa sababu ya mpira wa miguu: watoto wote wanacheza mpira. Wanalipa kwa mechi. Mwenye ukumbi alinitolea boksi la diski zake akazipangua moja moja, akanionyesha zipi alizinunua zikiwa za mkono wa pili, na zipi atazibadilisha kwa mwenzake wa Bombolulu zikichoka kupendwa. Diski ndiyo mtaji wake. Anainunua, anaitumia, anaiuza. Akaniuliza: mashine zinazokuja bila tundu la diski, nitaziingiza nini? Na ni kweli, PlayStation imeshauza mashine zisizo na tundu tangu 2020, na Xbox pia. Gemu la kupakua huwezi kumuuzia mwingine. Gemu la usajili si lako. Umekodi, na kodi inapanda anapotaka mwenye nyumba.

Kisha akanieleza jambo jingine ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi. Akaunti yake ya PlayStation imesajiliwa kama ya mtu wa Uingereza, kwa sababu Kenya haimo katika orodha ya nchi za mtandao wa PlayStation. Mei 2024 Sony walipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta afungue akaunti yao, dunia ikagundua ni nchi ngapi hazimo, gemu likaondolewa sokoni katika nchi hizo, na kelele za wachezaji zikawafanya Sony waliondoe sharti lile ndani ya siku chache. Angalieni maana yake kwa mambo ya ushindani. Msimamizi akihesabu wateja wa Kenya, vijana wa Majengo hawaonekani. Wanahesabiwa Waingereza. Fedha zao zimo kwenye mapato ya kampuni, wao wenyewe hawamo kwenye ramani ya soko.

Na wakati wa kuonekana ni sasa, kwa sababu ununuzi mwingine umeshatangazwa, na huu unamgusa kila mtoto katika ukumbi ule. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba Electronic Arts itanunuliwa kwa dola bilioni 55 na kundi lenye Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, pamoja na kampuni za uwekezaji za Silver Lake na Affinity Partners. Electronic Arts ndio watengenezaji wa gemu la mpira ambalo mpaka leo mnaliita FIFA, ingawa tangu 2023 linaitwa EA Sports FC. Dola bilioni 20 katika hizo ni mkopo, na mkopo huo unawekwa mabegani mwa kampuni inayonunuliwa. Mimi nimeona mikataba ya namna hiyo katika biashara ndogo zaidi, na swali huwa ni moja: deni litalipwa na nini? Ama bei ya gemu, ama pakiti za wachezaji mnazozinunua kwa pesa taslimu humo ndani, ama mishahara ya wanaolitengeneza. Siwezi kufikiria fungu la nne.

Wengi mmeniuliza kabla ya kikao: sasa sisi tutafanya nini, watu wa Mombasa, mbele ya mabilioni hayo? Nitajibu kwa jambo lililotokea. Uingereza walipowaalika wananchi watoe maoni juu ya Activision, walipata baruapepe zipatazo 2,600. Walizisoma, wakazipanga, wakachapisha muhtasari wake. Robo tatu hivi ziliunga mkono ununuzi, kinyume na walivyokuwa wakielekea wasimamizi wenyewe, na bado waliziweka wazi. Walioandika walikuwa wachezaji wa kawaida. Kwetu, muungano unaogusa nchi kadhaa za COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na kufikia viwango vilivyowekwa hupelekwa Lilongwe, Malawi, kwenye tume ya COMESA inayosimamia ushindani, na tume hiyo hutoa tangazo la kuwaalika wenye maoni waandike. Tangazo lina muda, na muda wake ni mfupi. Nani hapa amewahi kulisoma? Sioni mkono, na sikulaumuni, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba linawahusu.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza, na nafurahi ameuliza, kama barua ya mwenye ukumbi wa Majengo inaweza kusomwa na watu wakubwa hivyo. Itasomwa ikiwa na mambo wanayoweza kuyatumia. Usiandike kwamba kampuni kubwa ni mbaya. Andika unamiliki mashine ngapi, magemu gani yanaleta mapato, na ukilikosa hilo moja la mpira wateja wangapi wataondoka. Andika ulilinunua kwa bei gani mwaka juzi na mwaka huu. Andika umeajiri vijana wangapi. Wanaotengeneza magemu hapa mjini, andikeni mnauzia duka gani la simu na linakata kiasi gani katika kila shilingi. Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta wasimamizi wa London kwa miezi mingi, nanyi mnayo kwenye daftari.

Na barua inayokwenda kwa Mamlaka yetu ya Kenya iandikeni kwa Kiswahili kama ndicho kinachowatoka vizuri. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na ofisi ya umma haipaswi kuirudisha kwa sababu hiyo. Nimeweka karatasi kwenye meza ile ya nyuma. Wenye kumbi za PS njooni kwanza, tuanze na bei za diski.